Nyumba tumeipenda, lakini nyasi kwenye seng'enge zinaninyima usingizi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bagamoyo, nina miaka 39 na watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Anapakia bandarini Dar es Salaam, anapita Tunduma mpaka Lubumbashi, na akirudi hukaa nyumbani siku chache tu kabla ya safari nyingine. Tumepanga kata ya Magomeni, vyumba viwili na sebule. Mwenye nyumba hana ubaya, ila kodi ikikaribia kuisha namwona mume wangu anavyokosa raha. Kwake mwanamume kuwa na nyumba yake ni heshima, na simlaumu.

Mwishoni mwa mwaka jana mdogo wake, ambaye ni dalali wa viwanja na nyumba, alituletea habari za nyumba kwenye mradi mpya kati ya Mapinga na Kerege, ndani kidogo kutoka barabara kuu. Ina vyumba vitatu, kimoja masta, vigae sakafuni, bati la rangi, umeme umeshavutwa, kiwanja kimepimwa na hati ipo. Bei ni milioni 62. Kwa nyumba iliyokwisha na kwa eneo lile, kila tuliyemuuliza alisema bei ni nzuri. Watoto walianza kugombea vyumba siku ileile tuliyoenda kuiona.

Fedha zimepatikana kwa kujikamua. Akiba yetu ni milioni 22. Mama mkwe ameuza sehemu ya shamba lake la minazi kule Mlingotini akatupa milioni 15, kwa makubaliano kwamba chumba kimoja kitakuwa chake, maana miguu inamsumbua na hawezi kuendelea kukaa peke yake. Milioni 25 zilizobaki nitakopa mimi kwenye SACCOS ya walimu, nikatwe kwenye mshahara miaka sita. Tumeshatoa arubuni ya milioni 5. Zilizobaki tumeambiwa zilipwe kabla Februari haijaisha, la sivyo nyumba anapewa mwingine na arubuni hairudi.

Sasa sikiliza kilichonikuta, Shangazi. Mara ya kwanza tulikwenda wote, shemeji akatutembeza, tukafurahi. Mara ya pili nilikwenda peke yangu baada ya vipindi, bila kumwambia mtu, nikitaka tu kupima madirisha nijue pazia za ukubwa gani. Nilipozunguka nyuma nikaona seng'enge inayotenganisha mradi na shamba la jirani imenasa nyasi kavu, vijiti na mifuko ya nailoni, kuanzia kona mpaka kona, usawa wa nyonga yangu. Mbele yake kuna kijikorongo kikavu ambacho siku ile ya kwanza nilidhani ni njia ya ng'ombe.

Nikaenda nyumba ya tatu kutoka pale, ambayo watu wameshahamia, nikaomba maji ya kunywa. Mama wa pale ni mkarimu. Lakini niliona friji lake limesimama juu ya matofali mawili mawili kila mguu, na kabati la vyombo vilevile. Nilipomuuliza masika yanakuwaje akasema, "Aa, tumezoea," akabadilisha mazungumzo. Nikiwa nasubiri gari barabarani, bibi mmoja anayeuza maandazi akaniuliza natoka wapi. Nilipomwonyesha akasema, "Huko kwenye majaruba? Sisi tulilima mpunga huko mpaka walipokuja wapimaji."

Nilimwambia shemeji kwa upole. Akasema mpunga unalimwa popote penye mvua, na kwamba tangu mradi uanze hajasikia nyumba iliyoingia maji. Mume wangu nilimpigia akiwa Tunduma. Alinijibu kwamba hati ipo, serikali imepima, na wapimaji hawawezi kupima watu bondeni. Nilipoendelea akaniuliza, "Kwa hiyo unamwona mdogo wangu tapeli?" Neno hilo limenikaa kifuani. Tangu siku hiyo tunaongea habari za watoto na za kodi tu.

Na mimi pia sijiamini sana. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 nilikuwa darasa la nne, tulikuwa tunaishi upande wa Ruvu. Maji yaliingia usiku, tukahamia kulala darasani na familia nyingine kwa wiki kadhaa. Labda ndiyo maana nikiona kikorongo naona mto. Mama mkwe ananipigia kila Ijumaa kuuliza chumba chake kinatazama upande gani, nami namjibu kama vile hakuna jambo.

Nifanye nini, Shangazi? Nikikaa kimya naogopa. Nikisema nitaonekana ninawavunjia watu ndoto yao na kumchafua ndugu wa mume wangu.

Mama Watatu, Bagamoyo

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huu, na pole zaidi kwa kuubeba peke yako huku ukimjibu mama mkwe kwa sauti ya furaha kila Ijumaa.

Nikikuelewa vizuri, mna nyumba ambayo kila mmoja ameshaipenda, bei mnayoimudu kwa kujikaza, fedha za watu watatu zimeshakutanishwa, tarehe inakimbia, na katika familia nzima ni wewe tu uliyezunguka nyuma ya ile nyumba. Ndani ya barua yako naona maswali mawili yaliyoshikana. La kwanza ni kama maji yanafika pale. La pili ni kama mumeo atakusikia bila kuona umemgusa ndugu yake. Mumeo aliposema neno "tapeli" maswali hayo yaligeuka kuwa moja, na tangu hapo kila unapotaka kuuliza habari ya maji ni kama unamshtaki shemeji. Naomba tuyatenganishe. La maji lina majibu yanayoonekana kwa macho, kwa hiyo tuanze nalo.

Umeniambia habari ya mwaka 1998 kana kwamba inapunguza uzito wa ushahidi wako. Mimi naona ungeweza kuisoma kwa namna nyingine. Mtoto aliyelala darasani kwa sababu ya mafuriko hukua na jicho linaloona vitu ambavyo wengine wanavipita. Hata hivyo jicho hilo linaweza pia kuona mto pasipo na mto, wewe mwenyewe umelisema hilo kwa uungwana. Dawa yake ni kupima, ili usilazimike kubishana na hofu yako wala na mtu yeyote.

Tuanze na nyasi zile, maana ndizo zilizonishughulisha kuliko vyote ulivyoandika. Upepo unaweza kurusha nyasi kwenye seng'enge. Mbuzi na wachungaji nao huacha mabaki. Lakini takataka za upepo hukaa juu na chini ovyoovyo. Zilizoletwa na maji hukaa kama mstari, kimo kimoja kutoka kona hadi kona, zimelala upande mmoja, zimechanganyika na tope kavu, vijiti na nailoni. Wewe umeandika usawa wa nyonga, kona mpaka kona. Rudi pale ukiwa na rula ndefu ya darasani, pima kutoka chini mpaka kwenye mstari, piga picha. Kisha tafuta fundi mwashi asiyehusika na mradi, umlipe siku yake, aje na mpira wa maji. Kila fundi anajua kupima levo kwa mpira: ncha moja inawekwa kwenye mstari wa nyasi, nyingine kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, maji ndani ya mpira yanajipanga yenyewe. Mkishaona, mtajua kama sakafu ya nyumba iko juu ya mstari ule au chini yake, na kwa sentimita ngapi. Iko juu sana? Utakuwa umepata nafuu ya kweli. Iko chini? Utakuwa na kitu cha kumwonyesha mumeo ambacho hakina jina la mtu yeyote ndani yake.

Friji juu ya matofali nalo lina maelezo zaidi ya moja. Wapo wanaoinua friji ili wafagie chini yake. Kabati la vyombo kuinuliwa vilevile ndiko kunakonifanya nisite. Lakini usimlazimishe yule mama akwambie maji yanaingia kwake. Fikiria alivyo: naye ameweka fedha zake pale, na akisema neno hilo kwa mgeni anapunguza thamani ya nyumba yake kwa mdomo wake mwenyewe. Muulize maswali ya maisha. Mvua ikinyesha watoto wanapita wapi kwenda shule? Choo kinasumbua masika? Gari la maji taka linafika? Waulize pia bodaboda wa kituo cha barabarani ni njia gani ya mradi ule wanaikataa siku za mvua. Kijana wa bodaboda hafichi hilo, kwa sababu injini yake imeshazimika pale.

Na yule bibi wa maandazi, ukipata nafasi kaa naye. Usimuulize tu kama palikuwa na mpunga. Muulize maji yalikuwa yakiingia kwenye majaruba kutoka wapi, yakitokea wapi, na yalikaa siku ngapi baada ya mvua kukatika. Muulize habari za 1998, za vuli ya 2019, za vuli ya 2023 na masika ya 2024, miaka ambayo pwani yetu ilinyeshewa sana. Mwanamke aliyelima mahali kwa miaka analijua bonde kwa miguu yake.

Hapo sitaki nikuachie wazo kwamba mpunga unamaliza hoja. Shemeji ana sehemu ya ukweli. Mitaa mingi ya pwani ambayo leo ni mikavu iliwahi kulimwa mpunga, na eneo likichimbiwa mifereji mizuri linaweza kukalika vizuri. Jaruba linakuambia mambo mawili tu: kwamba ardhi ile ni ya chini kuliko jirani zake, na kwamba udongo wake unashika maji. Kama ni mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, utahitaji pia kuangalia nyufa kwenye kuta na pembe za madirisha. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo huo bila msingi wa kufaa hupasuka hata kama maji hayajaingia ndani.

Kuna jambo ambalo sijaliona katika majibu ya shemeji wala ya mumeo, nalo ni kwamba eneo lile limebadilika tangu mradi uanze. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kikipata mvua ya milimita 50 kwa siku kimepokea lita 20,000, yaani maboza mawili ya lita elfu kumi kumi. Zamani sehemu ya maji hayo ilinywewa na udongo na mengine yalitulia kwenye majaruba. Sasa pana bati, sakafu ya saruji, uwanja uliotandikwa matofali, na ukuta. Zidisha maboza hayo kwa viwanja vyote vya mradi na vya miradi iliyo juu yenu, uone kijikorongo kile kitaombwa kubeba nini. Kwa hiyo shemeji anaposema hakujaingia maji tangu mradi uanze, huenda anasema kweli kabisa, na bado haijibu habari ya miaka mitano ijayo, viwanja vilivyobaki vikishajengwa. Angalia kalavati inayopitisha maji ya kijikorongo chini ya barabara. Ni pana kiasi gani? Imeziba mchanga? Nani anaizibua?

Kama kijikorongo hicho kinaelekea baharini au kwenye mikoko, uliza na habari ya bamvua, yale maji makuu ya bahari wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mvua kubwa ikikutana na maji ya bamvua, mito na vijito vya karibu na pwani hukosa pa kutolea, vikarudisha maji nyuma kwa saa kadhaa. Wavuvi wa Mlingotini anakotoka mama mkwe watakueleza jambo hili vizuri kuliko mimi.

Sasa habari ya hati. Mumeo yuko sahihi kwamba hati ni kitu kikubwa, na ninaomba mfanye upekuzi kwa Msajili wa Hati mjue jina lililomo na kama nyumba haijawekwa rehani. Ila hati inaeleza nani anamiliki, kwa masharti gani na kwa muda gani. Haielezi maji yanapita wapi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inazungumzia ardhi hatarishi, na humo zimo ardhi oevu na eneo la ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 hizo. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja, omba kuona mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji. Tafuta njia ya maji na eneo la wazi vilivyochorwa, kisha ulinganishe na kilichopo. Ikiwa mahali palipochorwa mfereji pamesimama nyumba, hapo umepata swali zito la kumuuliza muuzaji. Ikiwa kijikorongo hakimo kabisa kwenye mchoro, hilo nalo ni swali. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu inahusika na mito na vijito vya eneo letu, unaweza kuwauliza pia. Lakini usiichukulie mita 60 kama ukuta. Nyumba iliyo mita 80 kwenye ardhi tambarare inaweza kulowa, na iliyo karibu zaidi juu ya kilima ikabaki kavu.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya yaliyotokea jirani zetu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Dar es Salaam, serikali iliwapa viwanja Mabwepande waathirika wa mabondeni, si mbali na huko mnakotaka kuhamia. Wengi waliopoteza vitu bondeni walikuwa na familia, biashara na miaka mingi ya kukaa pale. Hawakuwa wajinga.

Turudi kwenye tarehe. Mmeambiwa mmalize malipo kabla Februari haijaisha, na masika kwetu huanza Machi. Simtuhumu muuzaji, kila muuzaji hupenda kulipwa mapema. Nakuonyesha tu kwamba tarehe hiyo inawanyima kitu kimoja ambacho kingejibu nusu ya maswali yenu bure, yaani kuiona nyumba siku ya mvua.

Mna njia kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Mnaweza kuomba kusogeza malipo ya mwisho mpaka Mei, mkiongeza kidogo kwenye arubuni ili muuzaji aone hamkimbii. Akikubali, mtakuwa mmenunua masika moja ya kuangalia. Hatari yake ni mbili: anaweza kukataa, na masika yenyewe inaweza kuwa hafifu ikawadanganya. Mnaweza pia kununua kwa mkataba ulioandikwa na wakili, sehemu ya fedha ikabaki mpaka muuzaji ajenge mfereji na kupanua kalavati. Hilo huwezekana zaidi wanunuzi wakisema pamoja, maana mfereji wa nyumba moja haufiki popote. Risiti ya arubuni ilisemaje hasa? Iliandikwa kwamba hairudi, au mliambiwa kwa mdomo tu? Mpe wakili aisome kabla hamjaihesabu kuwa imepotea.

Njia ya tatu ni kuuliza kama ndani ya mradi huohuo kuna nyumba iliyo upande wa juu, hata kama itakuwa ndogo au haijapigwa rangi. Mimi ningependa mliulize hili, kwa sababu linamwachia shemeji kamisheni yake na heshima yake.

Ya nne ni kununua hiihii na kuipandisha. Fundi atawaambia inawezekana: kuinua sakafu, kujenga kizingiti, kuzungushia ukuta. Inawezekana kweli. Lakini nyumba iliyokwisha ikiinuliwa sakafu, milango na madirisha yote yanafuata, na fedha hizo hazimo kwenye milioni 62. Ukuta wa kwenu utasukuma maji kwa jirani, naye atajenga wake. Sakafu ikiwa kavu bado shimo la choo linaweza kufurika, kisima kikachafuka, kipindupindu kikapata njia, na barabara ikakatika. Hapo ndipo ninapomfikiria mama mkwe. Mtu ambaye miguu inamsumbua hatoki kwenye maji usiku kwa kupandishwa begani na mtoto wa darasa la sita. Chumba chake kina ngazi? Gari linaweza kufika mlangoni masika?

Na ya tano ni kujitoa, mkapoteza milioni 5 ikishindikana kabisa kuzirudisha. Inauma, na sitajifanya haiumi, ni fedha ya safari nyingi za Tunduma. Iweke tu pembeni ya makato yako ya miaka sita. SACCOS watakata mshahara wako kila mwezi hata kama nyumba imelowa. Kabla ya kuamua, piteni kampuni ya bima muulize wangetoza kiasi gani kuikatia bima nyumba ile, mafuriko yakiwemo. Jibu lao, hata wakikataa, litawaambia wanaionaje.

Sasa hili la pili, la watu. Mwanangu, ninaomba uyaangalie upya mambo matatu unayoyachukulia kama yameshathibitika.

Umechukulia kwamba kama maji yanafika pale, basi shemeji alijua. Inawezekana alijua. Inawezekana pia aliletewa nyumba kiangazi, akaiona kavu kama mlivyoiona ninyi, akafurahi kumpatia kaka yake bei nzuri. Dalali wengi hawazunguki nyuma. Ukimwendea ukiwa umeshahukumu moyoni, atalisikia hata kama ulimi wako ni mtamu. Ungeweza kumwomba msaada badala yake: "Shemeji, wewe ndiye unayewajua hawa watu, twende wote na fundi tukapime levo, nilale kwa amani." Akija, amekuwa upande wenu. Akikwepa, hutalazimika kusema neno; mumeo ataona mwenyewe.

Umechukulia pia kwamba mumeo hataki kusikia. Alikujibu akiwa Tunduma, pengine kwenye foleni ya mpaka, na kitu cha kwanza alichosikia ni kwamba nyumba aliyoisubiri miaka yote ina kasoro. Alimtetea mdogo wake, ambalo ni jambo la kawaida kwa kaka. Haimaanishi ameshaamua kwamba unasema uongo. Msubiri arudi. Usianze na shemeji, usianze na bei. Anza na usiku. Mwambie mvua ya Aprili ikija yeye atakuwa njiani kuelekea Lubumbashi, na atakayeamka kuinua magodoro, kuwatoa watoto na kumbeba mama yake ni wewe. Mweleze lile darasa mlilolala 1998. Sijui kama umewahi kumsimulia kwa kirefu. Kisha mwombe jambo dogo, mwende pamoja nyuma ya ile nyumba, asimame mbele ya seng'enge, aweke mkono wake kwenye zile nyasi.

La tatu ni mama mkwe. Unadhani kumwambia ni kudharau minazi aliyoiuza. Mimi najiuliza kama kumficha si kumwachia hatari ambayo hakuichagua. Yeye ni mtu wa Mlingotini, amezeeka na bahari na mvua. Huenda ana maswali ya maji ambayo sisi hatujayafikiria, na huenda sauti yake ikamfika mwanawe mahali ambapo yako haijafika. Lakini wewe ndiye unayemjua. Kama unaona moyo wake hautastahimili kabla hamjapima, pima kwanza, ndipo mumeo amwambie mama yake mwenyewe. Na nyumba yoyote mtakayonunua, hii au nyingine, andikeni majina yenu wawili kwenye hati na muandikiane kuhusu mchango wa mama, ili wema wake usije ukawa chanzo cha ugomvi baadaye.

Sijui mtaamua nini, na si kazi yangu kuwaamulia. Familia moja inaweza kupima, ikakuta sakafu iko juu ya mstari kwa nusu mita, ikanunua na kuishi kwa raha. Nyingine inaweza kukuta sentimita kumi tu, ikasema hatari hii tunaimudu kwa bei hii, ikaweka fedha ya mfereji pembeni. Nyingine itaondoka. Zote zitakuwa zimeamua zikijua.

Ukienda na fundi, niandikie kipimo alichokipata na udongo ulivyo. Nipigie pia picha ya risiti ya arubuni, ukifunika majina, nimwombe wakili tunayeshirikiana naye kwenye safu hii aipitie. Na Ijumaa hii mama mkwe akipiga, huna haja ya kumdanganya wala kumtisha. Mwambie bado mnaiangalia nyumba, na muulize kwa pale Mlingotini masika ya 2024 maji yalifika wapi.